Ajasta wa madai ya magari Marekani: mezani, barabarani au kujitegemea?

Mswahili aliyeko Houston, Columbus au Minneapolis akichoka kuendesha lori au kufanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, mara nyingi hukutana na tangazo la ajasta wa madai ya magari, yaani mtu anayeshughulikia madai ya bima gari likigongwa au kuharibika: mafunzo yanalipwa, shahada si lazima kila mahali, mshahara si haba. Lakini neno hilo moja limebeba kazi tatu zisizofanana. Kuna afisa wa mezani, anayeshughulikia madai kwa simu na kompyuta, siku hizi mara nyingi akiwa nyumbani kwake. Kuna mkaguzi wa barabarani aliyeajiriwa na kampuni ya bima, anayelifuata gari gereji au kwa mwenyewe, akapiga picha na kuandika makadirio ya matengenezo. Na kuna mkaguzi huru, anayefanya hayo hayo ya wa pili ila kwa mkataba, akilipwa kwa faili. Ukichagua kwa kutazama tarakimu kubwa kwenye tangazo utachagua vibaya, maana tarakimu hizo hazipimi kitu kimoja.

Mshahara na saa zake

Kwa hesabu za Idara ya Kazi ya Marekani, kipato cha kati cha maajasta na wachunguzi wa madai kilikuwa kama dola 75,000 kwa mwaka mnamo Mei 2023. Usijipimie suti kwa namba hiyo. Ndani yake wamo watu wa bima za nyumba, za ajali kazini na za afya, pamoja na wakongwe wa miaka 20. Asilimia 10 ya chini hawafikishi dola 50,000. Asilimia 10 ya juu wanavuka 100,000. Anayeanza kwenye magari ajiweke karibu na wale wa chini, kisha aulize ngazi inapandwaje.

Swali la pili ni saa. Kanuni za kazi za shirikisho huwaweka maajasta wengi kwenye kundi lisilolipwa saa za ziada, mradi kazi yao ni kuhoji wahusika, kukagua hasara, kupima kama bima inahusika na kujadiliana malipo, na mshahara wao usishuke chini ya dola 684 kwa wiki. Chukua mshahara wa dola 58,000. Kwa saa 40 za wiki ni dola 27.88 kwa saa. Kwa saa 50, bila ziada yoyote, ni dola 22.31. Zipo kampuni zinazowalipa wakaguzi wao kwa saa, na ziada juu. Kwa hiyo nafasi ya dola 54,000 yenye malipo ya ziada inaweza kuishinda ya 60,000 isiyo nayo, na jambo hili huulizwa kabla ya kusaini. Uliza pia bonasi inahesabiwaje. Kampuni ya bima ya Progressive, kwa mfano, ina mgao wa mwaka unaotegemea matokeo ya kampuni nzima, na mwaka mbaya wa mvua ya mawe huugusa.

Mezani kuna mtego wake, nao ni mafaili yasiyofungwa. Tuseme unapokea madai mapya 6 kwa siku, yaani 30 kwa wiki, nawe unafunga 25. Mwisho wa wiki ya nne umebeba 20 zaidi ya uliyoanza nayo, na kila faili lililo wazi linazaa simu: mteja anauliza gari lake, gereji inaomba nyongeza (malipo ya uharibifu ulioonekana baada ya makadirio ya kwanza), wakodishaji wa magari wanataka kujua walipwe siku ngapi tena. Juu ya hapo kuna tarehe za sheria. Texas, kwa madai ya mteja wa kampuni yenyewe, inataka dai likiriwe kupokelewa ndani ya siku 15, likubaliwe au likataliwe ndani ya siku 15 za kazi baada ya nyaraka zote kufika, na lilipwe ndani ya siku 5 za kazi baada ya kukubaliwa. Kuchelewa kunaiingiza kampuni kwenye riba, na jina lililoandikwa kwenye faili ni lako. Wanaoacha kazi hii miezi ya mwanzo kwa kawaida hawashindwi na bima. Hushindwa na simu. Anayedumu hulipanga jalada lote kwa simu ya kwanza: anachukua maelezo ya ajali, anathibitisha bima ilikuwa hai siku hiyo, anapanga ukaguzi na kumweleza mteja sehemu atakayojilipia, yote kwa mkupuo mmoja, kisha anaandika kumbukumbu papo hapo.

Mkaguzi wa barabarani anajua nini

Aliyewahi kukagua magari Nairobi au Dar es Salaam atashangaa jambo moja: hakuna kupiga simu maduka ya Kirinyaga Road wala kwenda yale ya mtaa wa Gerezani kuuliza bei ya taa. Bei za vipuri na saa za kazi hutoka kwenye programu, nazo ni tatu zinazotawala: CCC ONE, Mitchell na Audatex. Unaingiza namba ya utambulisho wa gari, unachagua sehemu iliyoumia, na programu inaleta saa za bodi, za rangi, za umakanika na za fremu. Kinachobaki kwako ni kuamua: madigadi hili linyooshwe au libadilishwe? Kipuri kiwe kipya cha mtengenezaji, cha mtengenezaji mwingine, au kilichotolewa kwenye gari lingine?

Makosa ya wageni hutokea kwenye vitu visivyoonekana. Bampa la mbele la gari la miaka ya karibuni si plastiki tupu. Nyuma yake mna sensa za kuegesha na huenda rada ya breki za dharura. Ukiandika bampa, rangi na saa za kufunga, ukasahau kupima kompyuta ya gari kabla na baada ya matengenezo, kurekebisha rada, klipu zisizotumika mara mbili, na kufifisha rangi kwenye paneli ya jirani ili isionekane kiraka, makadirio yako yatarudi. Gereji ikifungua gari itaomba nyongeza. Nyongeza moja ni jambo la kawaida, lakini mkaguzi ambaye kila gari lake hurudi mara mbili huonekana kwenye ripoti ya mwezi. Anayejihami kwa kuandika vitu visivyohitajika naye hukamatwa, kwa sababu kampuni hutuma mkaguzi wa pili kupitia sampuli.

Kuna pia gari lisilofaa kutengenezwa. Kiwango cha kulifuta hutofautiana kwa jimbo: New York ni gharama inayofikia asilimia 75 ya thamani ya gari, Florida 80, Texas 100. Gari la dola 9,000 lenye matengenezo ya dola 7,400, yaani asilimia 82, limekwisha kisheria Florida. Texas sheria bado haijalifikia, ingawa kampuni yaweza kulifuta kwa hesabu zake, kwa vile mabaki yanauzika. Mkaguzi mzoefu huangalia thamani kwanza. Mgeni hukaa saa nzima akiandika mistari 60 ya vipuri kwa gari ambalo kesho litavutwa kwenye mnada.

Malipo ya mkaguzi aliyeajiriwa yana sehemu isiyoonekana kwenye mshahara: mara nyingi gari la kampuni na mafuta yake, simu, programu, leseni, bima ya afya na mchango wa mwajiri kwenye akiba ya uzeeni. Gari na mafuta peke yake ni maelfu ya dola kwa mwaka kwa mtu anayeendesha maili mia moja na zaidi kila siku ya kazi.

Kujitegemea: hesabu ya siku moja

Mkaguzi huru hutajiwa bei ya faili. Tuseme ni dola 60, na umepata mafaili 6 leo.

| | Dola |
|---|---|
| Mafaili 6 × 60 | 360 |
| Maili 140 × senti 70 | −98 |
| Programu, simu, bima ya makosa ya kazi (makisio) | −15 |
| Kinachobaki | 247 |
| Kodi ya kujiajiri | −35 |
| Mkononi, kabla ya kodi ya mapato | 212 |

Senti 70 kilikuwa kiwango cha mamlaka ya kodi kwa maili moja ya biashara mwaka 2025. Kinahesabu mafuta pamoja na kuchakaa kwa gari, kitu ambacho wengi hukisahau mpaka giaboksi iwakumbushe. Kodi ya kujiajiri, ile ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, ni asilimia 15.3 ya asilimia 92.35 ya faida, kwa vile unalipa upande wako na upande ambao mwajiri angeulipa. Sasa zihesabu saa. Dakika 45 kwa kila gari ni saa 4 na nusu. Dakika 25 za kuandika na kupakia picha kwa kila moja ni saa 2 na nusu. Maili 140 za mjini na vitongojini ni kama saa 3 na nusu. Jumla saa 10 na nusu, na zile dola 212 zimekuwa kama dola 20 kwa saa. Yule wa dola 58,000 kwa saa 40, baada ya kukatwa asilimia 7.65 ya upande wake, anabaki na karibu dola 25.75, na bima ya afya juu yake.

Hesabu hiyo inageuka ukibadili vitu viwili: umbali na msongamano wa mafaili. Magari 6 yakiwa kwenye gereji mbili za mtaa mmoja, maili zinashuka hadi 40 na saa hadi 8. Hapo unapata karibu dola 34 kwa saa na mkaguzi huru anampita mwajiriwa vizuri tu. Ndiyo maana wakaguzi huru wanaofanikiwa wanakaa Dallas, Atlanta au Phoenix, wala si kwenye kaunti ambayo gari moja na jingine vimetenganishwa na mashamba ya mahindi.

Mkataba usome kwa jicho la mkopeshaji. Nyongeza inalipwa, au ni bure mpaka faili lifungwe? Maili za kwanza ngapi hazilipwi? Ukifika gari halipo, kuna malipo ya safari? Hela inaingia baada ya siku ngapi? Faili likirudishwa kwa kosa la picha, wanakata? Nyongeza mbili za bure kwenye mafaili ya wiki hula siku nzima. Na kodi hailipwi Aprili pekee: awamu zake huangukia Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Asiyeweka pembeni robo au theluthi ya kila hundi huingia mwaka wa pili akiwa na deni.

Wapo pia wanaofuata majanga. Texas ikipigwa na mvua ya mawe, msimu wake mkubwa ukiwa machipuko, au kimbunga kikizamisha magari Florida kati ya Juni na Novemba, kampuni hukodi wakaguzi kwa malipo ya siku. Kazi ya mawe ina ufundi wake: unahesabu vibonyeo paneli kwa paneli, unavipima kwa ukubwa wa sarafu, jedwali linakupa bei ya kunyoosha bila kupaka rangi, na vikizidi idadi au vikikaa kwenye kingo unaandika paneli mpya. Taa ikipigwa vibaya kwenye hema la ukaguzi, vibonyeo vidogo vya boneti hupotea vyote.

Chukua mfano wa dola 450 kwa siku, siku 6 za wiki, wiki 8: dola 21,600. Toa chumba cha dola 90 kwa usiku 56, ni 5,040. Chakula cha dola 40 kwa siku, ni 2,240. Kisha kodi ya kujiajiri, kama 2,020 kwa hesabu ya haraka. Unabaki na takriban dola 12,300. Mwajiriwa wa dola 60,000, baada ya asilimia 7.65 yake, hupata hizo kwa wiki 11 na nusu. Ni faida, lakini ili ulingane naye kwa mwaka mzima unahitaji kuitwa wiki 36, na mbingu hazisaini mkataba na mtu. Baadhi ya kampuni za majanga huajiri kwa mshahara wa muda na kukata kodi zenyewe. Ukiipata hiyo, hesabu inakuwa nyepesi.

Miaka mitano mbele

Hapa ndipo kazi hizi zinapoachana kabisa. Idara ya Kazi ilikadiria ajira za ukadiriaji na uchunguzi wa madai kwa jumla zingepungua kwa asilimia 5 kati ya 2023 na 2033. Nafasi zaidi ya 20,000 kwa mwaka zingeendelea kutangazwa, nyingi zikiwa za kujaza waliostaafu au kuhama. Wakaguzi wa magari wanaohesabiwa peke yao ni kundi dogo, kama 10,000 nchi nzima, na ndio waliowekewa upungufu mkubwa zaidi.

Sababu iko mfukoni mwa mteja. Anapiga picha nane kwa simu yake, programu inazichambua, na mtu aliyeko mezani anarekebisha makadirio bila kuliona gari. Makadirio ya picha mara nyingi hutoka chini, kwa sababu picha haioni nyuma ya bampa, kwa hiyo nyongeza zimeongezeka. Lakini hata nyongeza hizo nyingi hupitiwa mezani, gereji ikituma picha za gari lililofunguliwa. Maarifa ya mkaguzi wa barabarani hayajakufa. Yamehamia kwenye kiti. Anayejua bodi na rangi kwa mikono yake na akakubali kukaa mezani anatafutwa kuliko yule aliyeanzia mezani bila kuwahi kushika spana.

Ngazi yenyewe inapanda hivi: uharibifu wa gari, kisha kuamua nani mwenye makosa, kisha magari yaliyofutwa, kisha madai ya majeraha, kisha kesi zenye mawakili. Fedha ziko kwenye majeraha. Kosa la bampa linaigharimu kampuni dola 800. Kosa la jeraha halina dari. Chini ya kanuni ya Stowers, iliyotokana na kesi ya mwaka 1929, kampuni ya Texas ikikataa ombi la busara la kumaliza dai ndani ya kiwango cha bima, kisha baraza la mahakama likatoa hukumu kubwa zaidi, kampuni yaweza kuibeba ziada yote. Kima cha chini cha bima ya gari Texas ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali. Barua ya wakili ikidai zile 30,000 na kutoa muda maalumu, ajasta anayeiacha kwenye trei siku za mwisho anaweza kuwa amefungua mlango wa hukumu ya laki kadhaa. Kampuni humlipa vizuri mtu asiyeiacha.

Kazi hiyo inataka kusoma rekodi za hospitali, kujua kama matibabu yalianza siku ya ajali au wiki sita baadaye, na kugawa makosa kwa asilimia. Texas mdai akionekana na makosa zaidi ya asilimia 50 hapati kitu, kwa hiyo tofauti ya 50 na 51 ni dai zima. Muuguzi msaidizi aliyeamua kubadili kazi ana mtaji hapa kuliko anavyodhani: lugha ya rekodi ameshaizoea. Vyeti vinavyotambulika ni AIC (cha madai) na CPCU (cha bima za mali na ajali), vyote vya taasisi ya mafunzo ya bima The Institutes, na waajiri wengi hurudisha ada ukifaulu. Kwa upande wa gari lenyewe, mafunzo ya I-CAR ya kutengeneza magari yaliyogongwa na mtihani wa ASE wa kukadiria uharibifu, B6, hufungua pia mlango wa upande wa pili wa meza: gereji kubwa hutafuta watu wanaojua bima inavyofikiri.

Mkaguzi huru hana ngazi. Ana eneo, ana majina ya wanaompigia simu, na ana njia mbili za kukua: kuajiri wenzake, au kuongeza madai ya nyumba, ambayo hulipa zaidi kwa faili lakini yanataka programu ya Xactimate na kupanda mapaa.

Leseni

Hapa hakuna kanuni moja ya nchi. Texas na Florida hutaka leseni hata kwa aliyeajiriwa. California humdai mkaguzi huru, si mwajiriwa wa kampuni. Illinois na Ohio haziwapi maajasta wa kampuni leseni kabisa. Anayeishi huko na kutaka kufanya kazi majimbo mengine huchukua ya Texas au Florida kama jimbo lake la kuteuliwa, yaani linalohesabiwa la nyumbani kwa mambo ya leseni. Pennsylvania na Massachusetts zina leseni ya pekee ya wakadiriaji wa uharibifu wa magari. Texas mtihani wa jimbo una maswali 150 na unapita kwa asilimia 70, au unachukua kozi ya saa 40 iliyoidhinishwa yenye mtihani wake ndani na kuukwepa wa jimbo. Alama za vidole ni lazima, na kila miaka 2 unadaiwa saa 24 za masomo. Uraia si sharti Florida. Kibali halali cha kufanya kazi kinatosha.

Leseni ya Kenya chini ya mamlaka ya bima, IRA, au ya Tanzania chini ya TIRA haihamishiki. Uzoefu wake unahamishika, na uandikwe kwenye wasifu kwa idadi: makadirio mangapi kwa mwezi, aina gani za magari, nyongeza kiasi gani.

Nani aende wapi

Mwenye watoto wanaotegemea bima yake ya afya, au anayesubiri kuonyesha kipato cha kudumu ili apate mkopo wa nyumba, asianze na kujitegemea. Benki kwa kawaida huomba miaka 2 ya marejesho ya kodi kwa aliyejiajiri, na maili zote ulizokata kwenye kodi hupunguza kipato wanachokiona, hata kama mfukoni hali ni nzuri.

Fundi bodi, mpaka rangi au makanika aingie barabarani kama mwajiriwa, akae miaka 2 au 3, kisha aombe kuhamia majeraha au ukaguzi wa nyongeza kabla kitengo chake hakijapunguzwa. Mwenye Kiingereza chepesi cha simu na subira ya kusikiliza mtu aliyekasirika aingie mezani moja kwa moja. Lafudhi haizuii, kigugumizi cha maandishi ndicho kinachozuia, kwa sababu kumbukumbu za faili husomwa mahakamani. Na anayetamani uhuru wa mkaguzi huru apitie kwanza kwa mwajiri: kampuni nyingi za ukaguzi huru hutaka uzoefu wa kuandika makadirio kwenye CCC ONE au Mitchell, na leseni mpya isiyo na faili hata moja nyuma yake hukaa kwenye orodha yao ya kusubiri mpaka mvua ya mawe iwazidie.